Somo la Ufundi: Feni ya Gari Inapozunguka Ilhali Injini Imezimwa

Mtu asafiriye kwa gari kutoka Moshi kwenda Sanya Juu hufuata barabara ya Arusha hadi Boma Ng'ombe, kisha hukata kulia na kuanza kupanda, mlima Kilimanjaro ukiwa upande wake wa kulia. Afikapo Sanya Juu huzima gari, huchomoa ufunguo na kushuka. Mara husikia mvumo mbele ya gari: feni ya rejeta inazunguka, ilhali injini imekwisha kunyamaza. Madereva wengine hushtuka na kukimbilia kung'oa waya wa betri. Wengine hawajali kabisa. Huenda zao kulala, na alfajiri hukuta betri haina nguvu hata ya kuwasha taa ya ndani.

Wote wawili wamekosea. Mvumo ule huweza kuwa dalili ya afya, na huweza kuwa dalili ya ugonjwa. Makusudi ya somo hili ni kumwezesha msomaji kutofautisha hali hizo mbili, na kuitafuta kasoro kwa utaratibu badala ya kubahatisha.

1. Aina mbili za feni

Katika magari ya zamani, na hata katika malori na magari mengi ya kazi ya leo, feni huzungushwa na injini yenyewe kwa mkanda. Injini ikizimwa, feni nayo husimama mara moja. Mwenye gari la namna hii hawezi kuwa na tatizo tunalolieleza hapa.

Magari madogo ambayo injini yake imelazwa kwa kukingama, yaani ubavu wake ukielekea mbele ya gari, hayawezi kutumia mkanda kwa urahisi kuzungusha feni iliyo nyuma ya rejeta. Kwa sababu hiyo watengenezaji waliweka feni yenye mota yake ya umeme. Volkswagen Golf, iliyoanza kuuzwa mwaka 1974, ni mfano mmojawapo. Leo magari mengi madogo ya abiria, pamoja na yale yaliyotumika Japani ambayo yamejaa katika barabara zetu, yana feni ya umeme.

Hata hivyo, si kila feni ya umeme iliyokusudiwa kuendelea baada ya gari kuzimwa. Katika magari mengine umeme wa feni hutoka moja kwa moja kwenye betri, na hivyo feni huweza kuzunguka hata ufunguo ukiwa mfukoni mwa dereva. Katika mengine umeme hupita kwanza kwenye swichi ya ufunguo, na feni hulazimika kusimama pale ufunguo unapofungwa. Basi swali la kwanza la fundi ni hili: gari hili lilitengenezwa liweje? Jibu hupatikana katika kitabu cha maelekezo ya gari. Kikikosekana, mwulize mwenye gari lilivyokuwa tangu alipolipata.

2. Kwa nini joto hupanda baada ya injini kuzimwa

Kila mpishi anajua kwamba chungu kilichoipuliwa mekoni huendelea kutokota kwa muda, ingawa moto umebaki nyuma. Udongo wa chungu umehifadhi joto, nao huendelea kuyapa maji joto hilo. Injini nayo hutenda vivyo hivyo.

Katika nishati yote itokayo kwenye petroli inayochomwa, ni kama theluthi moja tu hugeuka kuwa mwendo wa gari. Sehemu nyingine kama hiyo hutoka na moshi, na iliyobaki, iliyo karibu theluthi moja pia, huingia katika maji ya kupoza. Gari linapotembea, pampu huyasukuma maji hayo kupitia rejeta na upepo huyapoza. Unapozima injini, mambo mawili hutokea kwa pamoja: moto ndani ya silinda huzimika, na pampu ya maji husimama. Lakini chuma kinachozunguka silinda kina joto kubwa kuliko maji, na joto hilo sharti lipite mahali fulani. Hupita katika maji yaliyosimama.

Tufanye hesabu ndogo kwa mfano uliorahisishwa. Tuseme kilo 10 za chuma zina wastani wa nyuzi 150 za Sentigredi, nazo zimezungukwa na lita 3 za maji yenye nyuzi 88. Kilo moja ya chuma huhitaji kilojuli 0.45 ili joto lake lipande kwa uzi mmoja, na kilo moja ya maji huhitaji kilojuli 4.2. Kwa hiyo:

chuma: 10 × 0.45 = kilojuli 4.5 kwa kila uzi
maji: 3 × 4.2 = kilojuli 12.6 kwa kila uzi

Joto la pamoja, chuma na maji vikisawazishana bila kitu kupotea, litakuwa:

(4.5 × 150 + 12.6 × 88) ÷ 17.1 = nyuzi 104 hivi.

Maji yamepanda kutoka nyuzi 88 hadi 104, ilhali hakuna hata tone moja la petroli lililochomwa. Swichi ya joto, ambayo katika magari mengi huamrisha feni katika kiwango kisichopishana sana na nyuzi 95, huona ongezeko hilo na kuwasha feni. Hapo feni inafanya kazi yake ilivyokusudiwa.

Msomaji huenda akauliza: ikiwa pampu imesimama, feni inayapozaje maji? Jibu ni kwamba maji ya moto ni mepesi kuliko maji ya baridi. Maji ya moto hupanda kuelekea juu ya rejeta, hupozwa na feni, huwa mazito na kushuka, nayo mengine huchukua nafasi yake. Mzunguko huu wa polepole ndio uliopoza injini nyingi za Ford Model T, gari lililoanza kuuzwa mwaka 1908, bila ya pampu yoyote. Zaidi ya hayo, feni hutoa hewa ya moto iliyofungiwa chini ya boneti na kuhifadhi mipira na nyaya.

3. Mwinuko wa mahali na mfuniko wa rejeta

Wakazi wa miteremko ya Kilimanjaro wanapaswa kukumbuka jambo moja ambalo mwenzao wa Tanga halimsumbui. Kadiri tunavyopanda juu, mgandamizo wa hewa hupungua, na maji huchemka kwa joto dogo zaidi. Hupungua kama uzi mmoja kwa kila mita 300. Mahali penye mwinuko wa mita 1,200, maji yaliyo katika chombo kilicho wazi huchemka karibu nyuzi 96.

Tazama sasa hatari iliyopo. Ikiwa mfuniko wa rejeta umechoka na haushikilii mgandamizo, maji yatachemka karibu na kiwango kile kile ambacho swichi huamrisha feni kuwaka. Feni itakuja kusaidia wakati maji yamekwisha anza kumwagika. Mfuniko mzima, wenye kushikilia mgandamizo wa baa 0.9 juu ya ule wa hewa, hupandisha kiwango cha kuchemka hadi kama nyuzi 116 mahali hapo. Kwa hiyo mpira wa mfuniko, kitu kidogo cha bei ndogo, ndio unaoipa feni nafasi ya kufanya kazi. Dereva asemaye kwamba "feni haifai, gari linachemsha" mara nyingine angetakiwa kununua mfuniko tu.

4. Lipi la kawaida na lipi ni kasoro

Katika gari lililotengenezwa kwa utaratibu huo, ni kawaida feni kuzunguka kwa dakika chache baada ya safari ya mlima, ya mzigo mzito au ya jua kali, pengine hadi dakika kumi, kisha ikasimama yenyewe. Si kawaida:

(a) feni kuzunguka bila kikomo;
(b) feni kuzunguka asubuhi injini ikiwa baridi na ufunguo ukiwa umetolewa;
(c) feni kuzunguka kwa muda mrefu kila siku, hata baada ya safari fupi ya tambarare;
(d) feni kuzunguka baada ya kuzima, katika gari ambalo feni yake haikukusudiwa kufanya hivyo.

Hali (a), (b) na (d) huelekeza kwenye umeme. Hali (c) huelekeza kwanza kwenye maji na rejeta, kwa kuwa yamkini injini ni ya moto kweli, na feni inasema kweli.

Asubuhi ya baridi ya Sanya Juu ni kipimo kizuri kisichogharimu kitu. Gari lililolala nje usiku kucha halina joto la kuiamrisha feni. Feni ikivuma saa 12 alfajiri, ufunguo ukiwa ndani ya nyumba, hapana haja ya kufungua rejeta: tafuta kasoro katika umeme.

5. Njia ya umeme

Mota ya feni hula umeme mwingi, kwa hiyo haiwashwi na swichi ndogo moja kwa moja. Huwashwa kwa rilei. Rilei ni swichi inayovutwa na sumaku ya umeme: mkondo mdogo hupita katika koili, koili huwa sumaku, nayo huvuta midomo miwili ya metali ikutane, na mkondo mkubwa hupita kwenda kwenye mota. Mkondo mdogo hutawaliwa na swichi ya joto iliyofungwa kwenye rejeta au injini, au na kompyuta ya gari inayosoma kihisi joto.

Hapa fundi hana budi kuwa mwangalifu, maana kuna mifumo iliyo kinyume. Katika mfumo wa kwanza, swichi ya joto hufunga njia ya umeme inapopata moto; ukichomoa waya wake feni husimama. Katika mfumo wa pili, unaopatikana katika baadhi ya magari ya Kijapani, swichi hukata njia inapopata moto, na kukatwa huko ndiko kunakoiwasha feni; ukichomoa waya wake ufunguo ukiwa umefunguliwa, feni huwaka hata injini ikiwa baridi. Magari mengi yenye kompyuta nayo huwasha feni pale kihisi kinapokatika, kwa tahadhari. Fundi asiyejua tofauti hii huweza kuitupa swichi nzima na kuiacha mbovu.

6. Uchunguzi hatua kwa hatua

Kabla ya yote: feni ya umeme huweza kuanza kuzunguka wakati wowote, hata injini ikiwa imezimwa. Usiingize mkono karibu na mapanga yake, na usiiname juu yake ukiwa na khanga, skafu au mikono mirefu ya shati inayoning'inia. Kazi ikihitaji kugusa feni, fungua kwanza waya wa hasi wa betri. Kamwe usifungue mfuniko wa rejeta ikiwa ya moto.

Hatua ya kwanza. Tazama saa. Andika dakika ambazo feni huzunguka baada ya kuzima, na safari ilikuwa ya namna gani. Fanya hivyo kwa siku tatu. Kumbukumbu hiyo ni bora kuliko maneno ya "inazunguka sana".

Hatua ya pili. Injini ikiwa baridi kabisa, tazama kiasi cha maji. Tazama pia uso wa rejeta. Vumbi la uwanda wa Sanya, mbegu za nyasi na wadudu huziba nafasi za hewa. Osha kwa maji ya nguvu ndogo, ukielekeza kutoka upande wa injini kwenda mbele, ili uchafu urudi ulikotoka. Ikiwa tatizo lilikuwa la namna ya (c), hatua hii peke yake huweza kulimaliza. Lisipokwisha, chunguza thamostati, ambayo ikikwama bila kufunguka huzuia maji kufika kwenye rejeta.

Hatua ya tatu. Feni ikiwa inazunguka na ufunguo umetolewa, chomoa rilei ya feni. Ikiwa feni haikusimama, umeme unafika kwenye mota bila kupitia rilei: kuna nyaya zilizoyeyuka na kugusana, au mtu aliongeza waya wa pembeni. Chomoa fyuzi ya feni na ufuate nyaya hadi upate mahali penyewe. Ikiwa feni ilisimama, kasoro imo ndani ya rilei au katika kile kinachoiamrisha.

Hatua ya nne. Pachika rilei nyingine yenye namba ile ile. Mara nyingi ya honi hufanana nayo. Linganisha namba kwanza. Feni ikitulia, rilei ya zamani ndiyo mbovu: midomo yake imeungua na kushikana. Unaweza kuthibitisha kwa betri na taa ya majaribio. Katika rilei ya kawaida yenye miguu minne, bila umeme katika miguu 85 na 86, taa haipaswi kuwaka kupitia miguu 30 na 87. Ikiwaka, midomo imeshikana.

Hatua ya tano. Feni ikiendelea hata kwa rilei mpya, geukia swichi ya joto. Katika mfumo wa kwanza, chomoa waya wake injini ikiwa baridi: feni ikisimama, swichi imekwama, isiposimama, waya wa swichi umegusa bodi ya gari mahali fulani. Katika mfumo wa pili, umeme wa feni kwa kawaida hutawaliwa na ufunguo. Kwa hiyo feni ikizunguka ufunguo ukiwa umetolewa, shuku rilei kuu inayofunguliwa na ufunguo, wala si swichi ya joto. Gari likiwa na kompyuta, na hatua zote zilizotangulia hazikufua dafu, lipelekwe kwa fundi mwenye chombo cha kusomea kompyuta hiyo.

Baada ya kubadili rilei, usiishie hapo. Uliza kwa nini midomo iliungua. Mota iliyochakaa, ambayo fani zake zinakwama, hula umeme kupita kiasi na itaiunguza rilei mpya vilevile. Fungua waya wa betri, kisha zungusha mapanga kwa mkono: yazunguke kwa wepesi, pasiwe na mkwaruzo wala kuyumba.

7. Mfano wa gari lililolala Sanya Juu

Tuchukue mfano wa gari linalobeba abiria. Limefika Sanya Juu saa 1 jioni, nalo linatarajiwa kuondoka saa 11 alfajiri likiwa na mama mgonjwa anayepelekwa KCMC, Moshi. Betri yake ni ya ampea-saa 45. Feni yake hula ampea 10, yaani wati 120 kwa volti 12.

Feni ikizunguka kwa dakika 10 kisha ikasimama, betri imetoa:

10 × 10 ÷ 60 = ampea-saa 1.7

Hiyo haifiki hata asilimia 4 ya hazina yake. Gari litawaka bila taabu. Lakini rilei ikiwa imeshikana, baada ya saa 4 na nusu hazina yote ya ampea-saa 45 itakuwa imekwisha, kama betri ilikuwa mpya na imejaa. Yaani kabla ya saa 6 usiku betri imekufa, na alfajiri ndugu wa mgonjwa watakuwa wakisukuma gari gizani. Ikiwa gari lina gia za otomatiki, hata kusukuma hakutaliwasha.

Sasa tuseme dereva ameligundua tatizo mapema, na kila jioni huchomoa fyuzi ya feni ili betri ilale salama. Kwa usiku mmoja, ni jambo la busara. Ikiwa desturi, ni mtego. Siku atakayosahau kuirudisha, gari huenda lisionyeshe kasoro yoyote likiteremka kwenda Boma Ng'ombe, kwa kuwa injini haina kazi nzito na upepo unapita kwenye rejeta. Wakati wa kurudi, likipanda polepole na mzigo, upepo ukiwa haba, maji yatachemka, silinda hedi itapinda na gaskiti itaungua. Rilei ambayo haikubadilishwa itakuwa imeigharimu injini nzima. Anayelazimika kuchomoa fyuzi na aifunge kwenye ufunguo wa gari, ili asiweze kuwasha bila kuishika mkononi.

8. Makosa ya kuepukwa

Usikate waya wa swichi ya joto na kuweka swichi ya mkono karibu na usukani. Macho ya dereva hayawezi kuwa kipimo cha joto kila dakika. Usimwage maji baridi juu ya injini ya moto, wala ndani yake. Chuma huweza kupasuka. Usiondoe thamostati kwa kudhani unaipunguzia feni kazi. Injini itachelewa kupata joto lake na itakula petroli zaidi, hasa katika baridi ya mlimani. Baada ya kupanda na mzigo, acha injini izunguke taratibu kwa dakika moja au mbili kabla ya kuzima, ili pampu itoe joto lililo katika chuma. Utaona feni inazunguka kwa muda mfupi zaidi, au haizunguki kabisa.

Maswali ya kujipima

1. Feni imezunguka kwa dakika 6 baada ya gari kupanda na mzigo, kisha ikasimama. Je, pana kasoro?
2. Feni inazunguka alfajiri, injini baridi, ufunguo umetolewa. Umechomoa rilei, nayo haikusimama. Utatafuta wapi?
3. Feni inakula ampea 15 na betri ni ya ampea-saa 60. Hazina yote itakwisha baada ya muda gani?
4. Kwa nini mfuniko mbovu wa rejeta hudhuru zaidi Sanya Juu kuliko Tanga?

Majibu

1. Hapana, ikiwa gari lilitengenezwa hivyo. 2. Katika nyaya zilizo kati ya betri na mota, maana umeme haupiti kwenye rilei. 3. Saa 4. 4. Kwa sababu ya mwinuko, maji yasiyo na mgandamizo wa mfuniko huchemka kwa joto dogo zaidi, karibu na kiwango kinachowasha feni.